Uzoefu wangu: dainamo ya mkanda ya kilowati 5 kwenye pawatila

Kama una pawatila (trekta dogo la kushika kwa mikono) na shamba lako liko mbali na nguzo za umeme, dainamo ya kuzungushwa kwa mkanda ni ununuzi wa maana. Nimeitumia misimu kadhaa ya mpunga hapa Bonde la Kilombero na bado inapiga kazi. Ila wengi wanaoniuliza huanza na bei ya dainamo, wakati kitakachokufanya ufurahi au ulie ni puli, mkanda na fremu.

Huku kwetu hili jambo lina kichekesho chake. Mitambo ya umeme wa maji ya Kidatu inazalisha hadi megawati 204, Kihansi 180, na maji ya Mto Kilombero wenyewe yanateremkia Rufiji kwenda kuzungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere. Shambani kwangu hakuna hata nguzo moja.

Pawatila yangu ina injini ya S195, silinda moja, nguvu za farasi 12 kwenye raundi 2,000 kwa dakika. Dainamo ni aina ya ST-5, kichwa kitupu kisicho na injini: volti 230, hezi 50, raundi 1,500, ampea 21.7. Niliinunua Gerezani, Kariakoo. Duka la kwanza muuzaji aliniapia kwamba waya ni shaba tupu. Tukafungua kifuniko cha nyuma, nikakwaruza ncha ya waya kwa kisu, rangi ikabanduka na weupe ukatokea. Alumini. Nikamshukuru, nikahamia duka jingine. Hakikisha pia kichwa kina beringi mbili. Vile vya beringi moja vimetengenezwa kuungwa moja kwa moja na injini, havifai kuvutwa pembeni na mkanda.

Sasa puli. Dainamo hii lazima izunguke raundi 1,500, si zaidi wala pungufu, maana hezi (idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde) zinafuata raundi. Ukifunga puli zinazolingana, injini nayo itakwenda 1,500, na hapo S195 haitoi nguvu zake zote. Ukiipa mzigo mkubwa inakohoa moshi mweusi. Puli ya upande wa injini nilifunga ya milimita 140, ya dainamo 160. Kwa hesabu injini inatakiwa kwenda raundi 1,715 hivi, lakini mkanda huteleza kidogo, kwa hiyo naiweka karibu na 1,750. Bila mzigo naacha mita isome hezi 52. Nikiwasha vitu, gavana, yaani kifaa kinachoshika mwendo wa injini, inauachia mwendo ushuke kidogo na mita inatulia kwenye 50. Mita ya kusoma volti na hezi ni ya bei ndogo sana, na bila hiyo unabahatisha tu kwa sikio.

Fremu alinichomelea fundi wa hapa kijijini kwa chaneli, ikakaa mbele ya pawatila juu ya bolti nne. Matundu ya bolti za dainamo aliyachonga marefu ili isogee mbele na nyuma wakati wa kukaza mkanda. Kupanga puli alitumia uzi: anauvuta ubavuni mwa puli zote mbili, na uzi lazima uguse kingo zote nne. Nilipotaka kukaza mkanda zaidi akanikataza. "Bosi, ukibana hivyo utanunua beringi kila mwezi." Kipimo chake ni kidole gumba katikati ya mkanda: kwenye nafasi ya nusu mita, ubonyee kama milimita nane. Mikanda ni miwili, aina ya B, na hubadilishwa yote kwa pamoja. Ukichanganya mpya na mkuukuu, mpya ndio utakaobeba mzigo wote. Ukiona unga mweusi umetanda chini ya puli, ujue puli zimepinda au mkanda unateleza.

Kazini iko hivi. Taa, kuchaji simu za majirani, grainda na pampu ya maji ya nguvu moja ya farasi inabeba bila shida. Pampu ya nguvu mbili inaiwasha, lakini taa zinazama kwanza ndipo zinarudi, kwa sababu mota inapoanza huvuta umeme mara nyingi kuliko inapokuwa imekolea. Naiwasha hiyo kwanza, vingine baadaye. Taa za LED zinachezacheza kidogo, ndiyo tabia ya injini ya silinda moja. Runinga siichomeki bila stabilaiza. Na kabla ya kuzima injini natoa mzigo wote. Kuiacha friji ikining'inia wakati volti zinaporomoka ni kuiua kompresa.

Kama unachotaka ni taa tatu na redio, usihangaike na hii. Sola itakufaa zaidi. Kuungurumisha farasi 12 usiku kucha kwa ajili ya balbu ni kuchoma dizeli na usingizi wa majirani. Faida yangu mimi ni kwamba injini nilikuwa nayo tayari, na baada ya kulima ilikuwa inalala tu.

Mambo mawili ya usalama hayana mjadala. Mkanda ufunikwe na wavu wa chuma, kwa sababu watu wanakuja kuchukua simu zao na khanga zinapepea. Na ukiipeleka kwenye nyumba yenye LUKU, weka swichi ya kubadilisha, ili umeme wako usirudi kwenye laini ya TANESCO wakati kuna fundi juu ya nguzo.

Udhaifu wake mkubwa ni pale inapokaa muda mrefu. Baada ya masika moja niliiwasha, mita ikagoma kabisa, usumaku uliobaki ndani, ule unaoanzisha umeme, ulikuwa umepotea. Dawa yake ni betri ya volti 12: chanya kwenye ncha ya F1, hasi kwenye F2, zile za waya unaolisha sumaku ya ndani, unagusisha mara moja huku dainamo inazunguka, mita inaruka. Shika waya kwenye ganda lake, si chuma. Kaboni (vipande vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka) zikilika zinapatikana hata Ifakara, rektifaya (kigeuza umeme kuwa wa moja kwa moja) pia, na kuzifunga kunahitaji bisibisi tu.