Komunyo: ulimini au mkononi?
Anayepokea Hostia, ule mkate mtakatifu wa Misa, kwa ulimi hana kazi kubwa: anasema "Amina," anafumbua kinywa, na mtumishi wa altare anakinga sahani chini ya kidevu chembe isidondoke. Ndivyo Kanisa la Kilatini, yaani Wakatoliki wa mapokeo ya Roma, lilivyozoea kwa karne nyingi, na maelekezo ya Roma ya mwaka 2004, Redemptionis Sacramentum, yanasema kila mwamini ana haki ya kuchagua njia hii daima.

Mkononi nako si uzushi wa juzi. Katekesi za Mtakatifu Sirili wa Yerusalemu, karne ya 4, ziliwafundisha wabatizwa wapya waufanye mkono wa kushoto kiti cha enzi cha ule wa kulia, maana unampokea Mfalme. Mwaka 1969 Roma ilifungua tena mlango huo, pale maaskofu wa nchi wanapoomba.

Mimi ni wa ulimi, labda kwa mazoea tu. Ila uchaji mkubwa niliowahi kuuona ni wa bibi mmoja aliyepokea mkononi: alikagua kiganja taratibu, akaiokota chembe kwa ncha ya ulimi. Wanaonikera ni wale wanaoinyakua Hostia kama chenji ya daladala, wakaitia mdomoni huku wanatembea.