ESC Imeungua: Itengenezwe au Inunuliwe Nyingine?

Karibuni tena, watazamaji. Leo mezani kuna ESC, yaani kidhibiti cha kasi ya mota, ya droni ya propela za inchi 5, ile ya bodi moja inayoendesha mota zote nne. Tazameni kona hii kwa karibu: mosfeti moja, yaani swichi ndogo inayopitisha umeme wa mota, imetoboka katikati, na bodi pembeni yake imegeuka rangi ya kahawia. Tuone kama inafaa kufufuliwa.

Kwanza tafuta kilichoiua, maana mosfeti haifi bure. Mshukiwa wangu wa kwanza huwa ni skrubu ya mota. Ikiwa ndefu mno inafika kwenye koili na kukwangua vanishi ya waya, kisha fremu ya kaboni, ambayo nayo inapitisha umeme, inamalizia kazi. Ondoa waya tatu za mota kwenye bodi, weka mita kwenye mlio, ncha moja iguse skrubu, nyingine waya wa mota. Ikilia, usifunge ESC mpya hapo kabla ya kubadilisha skrubu na kukagua koili. Utaunguza ya pili.

Waya hizo tatu lazima zitoke kwa sababu nyingine pia: zikiwa zimeungwa, koili inaunganisha njia zote tatu za mota, kwa hiyo shoti moja inaonekana kama tatu. Sasa, betri ikiwa imechomolewa, hamishia mita kwenye alama ya dayodi. Ncha nyekundu kwenye hasi ya betri, nyeusi kwenye kila pedi ya mota. Njia isiyo na hitilafu husoma kama volti 0.4 hadi 0.6. Halafu nyekundu kwenye pedi, nyeusi kwenye chanya. Ukipata sifuri, mosfeti ya upande huo imepiga shoti.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanaagiza mosfeti, wanaipachika kwa bloa ya hewa moto, na inaungua tena papo hapo. Mosfeti inapopiga shoti, umeme wa betri unaweza kurudi kupitia geti, yaani mguu wake wa kuiwasha, na kuua draiva, ile chipu ndogo inayoiamrisha. Kwa hiyo ukishaing'oa iliyokufa, pima pedi ya geti dhidi ya hasi na ulinganishe na ya njia isiyo na hitilafu. Zikitofautiana sana, draiva nayo imekwenda.

Uamuzi wangu: bodi hii ya droni, nunua nyingine. Imekuwa kahawia, maana yake tabaka za ndani zimepata moto, na njia za shaba zilizofichika huwezi kuziona wala kuziamini. Ikizima mota moja angani, droni nzima inaanguka pamoja na kamera, na inaweza kumwangukia mtu. Lakini ESC ya gari la rimoti yenye mosfeti moja iliyokufa, bodi safi na draiva nzima, itengeneze bila wasiwasi. Ikifeli tena, hakuna kinachoanguka kutoka angani.

Kama kilichokufa ni kapasita kubwa ya kwenye pedi za betri, hata kwenye droni hiyo inabadilishwa. Kwa betri ya seli 4, ambayo ikijaa ina volti 16.8, weka ya volti 35 yenye maikrofaradi 470 au zaidi, ya aina ya ukinzani mdogo, na miguu uikate mifupi. Miguu mirefu inapunguza kazi yake ya kumeza mishtuko ya volti pale mota zinapofunga breki.

Kuhusu bodi ya kuongozea, ule ubongo wa droni: ichomeke kwenye USB. Prosesa ikiwa moto wa kuchoma kidole ndani ya sekunde chache, usihangaike nayo, badilisha. Ikiwa baridi na kompyuta inaitambua, huenda ni regyuleta ya volti 5 tu, na BEC ndogo ya nje, kifaa cha kushusha volti ya betri hadi 5, inatosha. Pima kwanza kama njia hiyo ya volti 5 haina shoti.

Iwe umetengeneza au umenunua, usiunge betri moja kwa moja. Pitisha waya chanya kwenye balbu ya indiketa ya gari, volti 12 wati 21. Kwa seli 6 tumia ya lori, volti 24. Ikimulika kidogo na kuzima, ni kapasita zimejaa, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu, chomoa, shoti bado ipo. Na mota uziwashe mara ya kwanza propela zikiwa zimefunguliwa.