Ameteuliwa na nani, na kwa nafasi gani? Tathmini ya kanzidata ya kamati za ushauri za Marekani

Serikali kuu ya Marekani hushauriwa na kamati zipatazo elfu moja, nyingine zikihusika na chanjo, nyingine na misitu, nyingine na usalama wa dawa, na wajumbe wake wengi si watumishi wa kudumu wa serikali. Taarifa za kamati hizo zimekusanywa katika kanzidata moja ambayo inasimamiwa na wakala wa serikali uitwao GSA, inasomwa bure, na haimtaki msomaji ajisajili. Nimeitumia kwa muda mrefu kwa shughuli moja mahususi, yaani kufuatilia namna wajumbe wanavyoteuliwa, na tathmini hii inahusu shughuli hiyo tu. Anayetaka kujua gharama za mikutano, posho na safari za wajumbe atazikuta humo humo, zimepangwa kwa mwaka wa fedha, na hatapata taabu kuzisoma.

Chimbuko la huduma hii ni sheria ya kamati za ushauri ambayo Rais Richard Nixon aliitia saini tarehe 6 Oktoba 1972. Wabunge walikuwa wamechoshwa na utitiri wa kamati zilizoundwa bila mpangilio, zikifanya kazi zilezile, na baadhi yake zikiwa zimeshikwa na wenye viwanda waliokuja kuishauri serikali juu ya biashara zao wenyewe. Kwa hiyo sheria iliagiza kwamba kila kamati iwe na hati ya kuundwa kwake, ambayo kwa kawaida hukoma baada ya miaka 2 isipohuishwa. Kwamba mikutano itangazwe mapema na, isipokuwa kwa sababu maalumu, iwe wazi kwa wananchi. Na kwamba wajumbe wawe na uwiano wa haki kwa mitazamo wanayoiwakilisha. Haikuweka, hata hivyo, utaratibu mmoja wa uteuzi kwa kamati zote. Zipo kamati ambazo wajumbe wake huteuliwa na Rais, zipo ambazo baadhi ya viti hujazwa na viongozi wa Bunge, na zilizo nyingi mamlaka ya uteuzi ni waziri au mkuu wa taasisi inayoshauriwa. Ndiyo maana huwezi kusema neno la maana kuhusu uteuzi wa kamati fulani kabla hujasoma hati yake, na kanzidata inakuwekea hati hiyo karibu. Kwa hilo peke yake inastahili sifa.

Ukifungua ukurasa wa kamati na kuchagua mwaka, ukashuka hadi kwenye orodha ya wajumbe, utakuta kila mmoja na mstari wake: jina, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, kazi anayoifanya, na mwishoni aina ya ujumbe wake. Wasomaji wengi hutazama jina na kazi, kisha huondoka. Namshauri kila atakayeingia humo aanze na safu ile ya mwisho, kwa sababu ndiyo inayoeleza mtu ameitwa kufanya nini. Chukua mfano wa profesa wa kilimo. Akiandikwa kuwa mtumishi maalumu wa serikali, maana yake ameitwa kutoa maoni yake binafsi kama mtaalamu. Anaweza kutumika kwa siku zisizozidi 130 katika kipindi cha siku 365, anabanwa na sheria za mgongano wa maslahi, anajaza fomu ya kutaja mali na vyanzo vya kipato chake, na jambo linalogusa mfuko wake halipaswi kupita mikononi mwake bila kibali. Profesa huyohuyo akiandikwa kuwa mwakilishi wa chama cha wakulima, mambo yanabadilika kabisa, kwa kuwa sasa anatarajiwa kusema kwa niaba ya chama, upendeleo wake unajulikana tangu mwanzo na ndio uliomfanya aitwe, na masharti yale ya maadili hayamhusu kwa namna ileile.

Tofauti hiyo si ya makaratasi. Mwaka 2004 ofisi ya Bunge la Marekani inayokagua utendaji wa serikali, GAO, ilieleza kuwa baadhi ya taasisi zilikuwa zikiwateua wataalamu kwa jina la wawakilishi, eti wanawakilisha fani zao za elimu, ilhali kwa hakika waliitwa watoe maoni yao wenyewe. Matokeo yake ni kwamba watu hao hawakupitia uchunguzi wa mgongano wa maslahi ambao mtumishi maalumu angepitia. Mimi huliona hilo kuwa kosa kubwa kuliko upendeleo wa wazi wa kisiasa, maana upendeleo wa kisiasa wananchi huuona na kuulalamikia, lakini neno moja lililoandikwa mahali pasipo pake katika barua ya uteuzi hakuna anayelishtukia. Kanzidata inatuwezesha kulishtukia. Ukikuta kamati ya kisayansi ambayo karibu wajumbe wake wote wameandikwa wawakilishi, unayo sababu ya kuuliza wanamwakilisha nani.

Pale ambapo huduma hii inanikatisha tamaa ni kwenye suala la uwiano. Miongoni mwa maswali ambayo kila kamati inatakiwa kuyajibu kwa maandishi, limo lile linalouliza namna kamati inavyohakikisha uwiano wa wajumbe wake. Ni swali zuri, tena ndilo linalogusa moyo wa sheria yenyewe, lakini jibu lake ni aya ya maelezo tu, na anayeiandika ni taasisi ileile iliyofanya uteuzi. Inaweza kujibu kwamba wajumbe wametoka vyuoni, kwenye biashara na katika jamii, na kwa jibu hilo ikawa imetimiza wajibu wake. Msomaji anayetaka kupima maneno hayo hana budi kurudi kwenye orodha na kuhesabu mwenyewe, mstari kwa mstari, ni wangapi wametoka viwandani na ni wangapi wametoka vyuoni. Nimefanya hesabu ya namna hiyo mara nyingi, na kila mara imenifunza zaidi kuliko ile aya.

Jambo jingine lisiloonekana ni wale ambao hawakuteuliwa. Mwezi Oktoba 2017 shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilitoa agizo kwamba mtafiti anayepokea fedha za utafiti kutoka kwa shirika hilo asikae kwenye kamati zake za ushauri. Agizo hilo liliwaweka kando wanasayansi wa vyuo vikuu, wakati wataalamu wanaolipwa na viwanda hawakuguswa, na mwezi Aprili 2020 Mahakama ya Rufaa ya Washington iliamua kwamba shirika halikuwa limeeleza ipasavyo sababu za kuacha msimamo wake wa awali. Katika miaka ile yote, orodha ya wajumbe ilionyesha waliokuwemo. Aliyeachwa hana mstari, na sababu ya kuachwa kwake haina safu. Natamani GSA iongeze mambo mawili tu, nayo ni idadi ya waliopendekezwa kwa kila kiti na vigezo vilivyotumika kuwachuja, bila kutaja jina la mtu yeyote aliyekosa. Heshima ya mtu ingehifadhiwa, na mwananchi angejua kama mlango ulikuwa wazi au ulikuwa umerudishwa tu.

Huduma hii pia haiwezi kumlinda mjumbe dhidi ya mkono uliomteua, na sidhani kuna kanzidata inayoweza. Tarehe 9 Juni 2025 Waziri wa Afya, Robert F. Kennedy Jr., alitengua uteuzi wa wajumbe wote 17 wa kamati inayoshauri kuhusu matumizi ya chanjo, chombo kilichoundwa mwaka 1964 na ambacho wajumbe wake kwa kawaida hukaa miaka 4, wakipokezana ili wasimalize wote kwa pamoja. Siku mbili baadaye alitangaza majina mapya. Mtu aliyekuwa na orodha ya zamani mkononi aliweza kulinganisha kazi na fani za walioondoka na za walioingia, na kuufikia uamuzi wake bila kusubiri kuambiwa na mwanasiasa wa upande wowote. Kwa ajili ya siku za namna hiyo napendekeza kwa nguvu kwamba atakayeitumia kanzidata hii apakue na kuhifadhi orodha za kamati anazozifuatilia kila mwaka, asitegemee kwamba atazikuta kama alivyoziacha.

Kwa wanaotaka kuteuliwa wenyewe, wajue kwamba hapa si mahali pa kuomba. Taasisi nyingi hutangaza nafasi katika gazeti rasmi la serikali, Federal Register, na baadhi yake, kama ile inayosimamia chakula na dawa, FDA, humruhusu mtu kujipendekeza mwenyewe. Hata hivyo kanzidata inawafaa kwa njia ambayo wachache huifikiria. Humo limo jina la ofisa wa serikali anayewajibika kwa kamati, na ile safu ya tarehe za kumaliza inaonyesha ni viti vipi vinakaribia kuwa wazi, ili mtu aandae wasifu wake na barua za wanaomuunga mkono miezi kadhaa kabla tangazo halijatoka.