Uzoefu wangu na fundi wa stima Kisumu: breka kubwa, waya ndogo na fyuzi ya ampia 3

Watu wameniuliza kama ile pesa nililipa fundi ilikuwa ya maana. Ilikuwa, ingawa kuna vitu vilinikera nitavisema. Nyumba iko Mamboleo, mabati juu, siling ya bodi, na nyuma kuna SQ (kale kanyumba kadogo ka nyuma) anakaa kijana mpangaji. Yeye ndiye alianza, "auntie, hii soketi inanuka plastiki," lakini kupika na koili hakuacha.

Leseni ya EPRA, ile mamlaka ya nishati inayosajili mafundi wa stima, nilimwomba fundi kabla hajafungua begi, akaitoa bila kununa. Soketi hata hakuigusa kwanza, alienda kwa konsuma yuniti (lile sanduku la breka) akasoma breka ya soketi, ampia 32, halafu akapanda siling kufuata waya. Akaniita. Kwa boksi moja huko juu, ring ya nyumba (laini ya soketi inayozunguka ikarudi kwa breka ile ile, mzigo unagawanyika njia mbili) ni waya ya 2.5, yaani unene wa milimita za mraba 2.5, sawa kabisa, lakini katikati yake kuna mtu alizungushia ya 1.5, akaviringa tepu nyeusi, akaivuta mpaka SQ. Gundi ya tepu ilikuwa imeyeyuka inanata kwa vidole, na plastiki ya nyutro imegeuka kahawia, ukiikunja kidogo inapasuka unaona kopa.

Sasa mbona breka haikuanguka? Fundi akacheka. "Madam, breka haijui waya yako ni ya ngapi, inajua namba yake tu." Breka ya 32 inaweza kubeba ampia 36 saa nzima na isianguke, na hata ukiifikisha 46 inaruhusiwa kuchukua karibu saa nzima ndio ianguke, hivyo ndivyo zinatengenezwa. Hiyo 1.5 ikiwa ndani ya paipu inabeba kama ampia 17.5, na hiyo namba ni ya joto la digrii 30. Chini ya mabati ya Kisumu saa nane mchana hiyo 30 utaitoa wapi? Ikifika 50 unazidisha na 0.71, unabaki na 12 na kitu. Sasa weka vitu vya kijana: koili ya wati 2000 ni ampia 8 na zaidi, birika nalo hivyo hivyo, pasi ya 1200 ni 5, vyote vikiwaka pamoja unapita 21 na waya inapikika polepole huku breka imetulia tu.

SQ ikapewa laini yake kutoka kwa konsuma yuniti, waya ya 4 na breka ya 20. Niliona 4 ni kubwa sana lakini hesabu ni ile ile ya joto, 2.5 huko juu inashuka mpaka 17, ya 4 inabaki na 22 hivi. Hadwea nilikoenda kununua, jamaa wa kaunta ati "chukua breka ya 40 isikusumbue." Isinisumbue na nini? Hii ndio ushauri imeharibia watu nyumba. Chukua yenye fundi ameandika, na uangalie alama ya KEBS, shirika la viwango.

Kitu nilipenda zaidi ni taa za nje. Hizo pia zilikuwa zimetolewa kwa ring na waya ya 1.5, nikajua nayo ataing'oa. Hakuing'oa. Aliweka spa ya fyuzi pale inapotoka, ile kama swichi yenye kadroo ka fyuzi, akatia ya ampia 3. Kuanzia hapo hata mtu aongeze taa namna gani, fyuzi itakatika kabla waya ijue kuna shida. Nikamuuliza, na kale kapande kafupi kabla ya fyuzi si bado kako kwa 32? Akasema ovalodi, yaani mzigo kuzidi, haiwezi kufika hapo kwa sababu mbele iko fyuzi ndogo, kinachobaki ni shoti ya laivu kugusa nyutro, na kwa shoti hiyo breka ya taipu B ya 32 inaanguka hapo hapo ikifika ampia 160. Waya ya 1.5 inavumilia 160 kwa kama sekunde moja, na breka haichukui hata sehemu ya kumi ya sekunde. Lakini hakuniambia tu, alipima lupu (njia nzima ya stima kwenda na kurudi) na mashine yake kuhakikisha shoti ya hapo itafikisha hizo 160. Hii ndio tofauti ya fundi na mtu ako na plaisi.

Stima ikivuja kwenda athi ni hadithi nyingine: athi yangu ni chuma imepigwa chini kando ya nyumba, na hiyo peke yake mara nyingi haipitishi ampia za kutosha kuangusha breka ya kawaida, kwa hivyo akaongeza RCCB ya miliampia 30, ile inayokata stima ikivuja hata kidogo. Hiyo ndio ilikula pesa kuliko breka zote.

Sasa malalamiko. Stima ilizimwa kutwa nzima bila kuambiwa mapema na samaki walikuwa kwa friji. Shimo la siling ameliacha hivyo. Na breka hakuziandika majina, nimebandika mwenyewe na maka peni. Bado nitamwita tena kwa laini ya shawa ya moto.

Ukiwekewa hiyo spa, nunua fyuzi za ampia 3 za akiba mapema, maduka mengi watakupatia ya 13 wakwambie ni sawa tu, inaingia. Inaingia kweli, saizi ni moja, lakini 13 imepita ile 12 na kitu ambayo waya ya 1.5 inabeba kwa joto la siling, kwa hivyo haitailinda vile ya 3 inailinda.