Cheri za sukari kwenye keki ya makaa: uzoefu wangu wa makopo matatu, Lamu

Tangu Idi ya Mfungo Mosi nimemaliza makopo matatu ya cheri za sukari, zile nyekundu ambazo wengi huziweka juu ya keki kwa pambo. Mimi nazitia ndani. Nilizizoea kwetu Malindi, na nilipoolewa Lamu nikakuta si kila duka linazo, basi dada yangu hunitumia: basi mpaka Mokowe, kisha boti, kisha hamali mpaka mlangoni kwangu Langoni. Ni kopo la plastiki la gramu 200. Bei yake imepita mara mbili ya zabibu kavu za uzani huo huo, kwa hiyo nasema mapema: ukiwa huna nafasi ya kuzitayarisha, nunua zabibu, utapata keki nzuri vilevile.

Kazi yote ya cheri hizi iko kwenye kutayarisha. Tunda lenyewe ni la nchi za baridi. Mti wake hauchanui vizuri bila kupita majira ya ubaridi, ndiyo maana hatulioni likiwa bichi masokoni kwetu. Huloweshwa kwenye shira siku baada ya siku, shira ikizidi kukolezwa, mpaka maji ya tunda yatoke na sukari ishike nafasi yake. Linabaki laini, tamu sana, zito, na limepakaa shira nje kama asali. Shira hiyo ndiyo iliyonitesa.

Keki ya kwanza niliipika kwa wageni wa Idi. Sina oveni. Naoka kama mavyaa wangu anavyooka mkate wa kumimina, makaa chini na makaa ya kupalia juu ya kifuniko. Nilizitoa cheri kwenye kopo, nikazimwaga nzima nzima kwenye mchanganyiko. Juu keki iliiva rangi nzuri ya dhahabu. Nilipoipindua, cheri zote zilikuwa zimelala chini, zimeshikana na karatasi, na sukari yake imeungua nyeusi. Kwenye oveni cheri zikizama unapata keki isiyopendeza tu. Juu ya makaa zikizama unapata uchungu, maana zinakwenda kukaa pale pale moto ulipo. Nilikata sehemu ya chini nikaitupa, na roho iliniuma kwa ile gharama.

Mavyaa hakunilaumu. Alichukua cheri moja iliyobaki, akaisugua kwa vidole, akasema: "Zioshe kwanda, mwanangu. Kisha uzianike."

Mara ya pili nikaziosha, sikuzianika. Nilikuwa na haraka, nikazipangusa kwa kitambaa nikaona zatosha. Hazikuungua, lakini kila cheri ilizungukwa na duara la unga mbichi uliolowana, na rangi ilichuruzika. Kukausha ni lazima, tena hewa ya kisiwani ina unyevu mwingi kuliko mtu anavyodhani. Sasa nazikata nusu kwa nusu, naziosha kwa maji ya vuguvugu ndani ya chungio mpaka zisinate tena vidoleni, nazitandaza kwenye kitambaa juu ya sinia, nazifunika kwa kawa zisiingiwe na nzi, naziacha juani barazani saa moja au mbili. Zikiguswa na ziko kavu, nazigaragaza kwenye unga kijiko kimoja kutoka kwenye unga ule ule niliokwisha kuupima.

Ila msidanganyike kwamba unga huo peke yake ndio utakaozizuia. Kinachobeba cheri ni uzito wa mchanganyiko. Mimi natumia unga wa ngano gramu 200, siagi 150, sukari 150, mayai matatu, beking poda vijiko viwili vidogo, na lozi gramu 50. Lozi nazirowesha kwa maji moto, nazimenya, nazikausha, nazisaga. Hizo ndizo siri ya keki hii: zinanyonya majimaji, zinaufanya mchanganyiko ushikane, na ladha yake inapatana na cheri kama vile zilizaliwa pamoja. Cheri natia gramu 150. Zinazobaki koponi watoto wanajua kwa kuzipeleka. Maziwa sitii hata kijiko. Ukiinua mwiko, mchanganyiko uanguke kwa bonge, usitiririke. Iliki pia naiacha, ingawa najua wengi hapa keki bila iliki hawaiiti keki. Iliki inaifunika cheri kabisa, ijaribuni bila yake mara moja tu. Matone mawili ya arki ya lozi yanatosha.

Na wakati. Siagi ikiyeyuka haishiki hewa, na mchana wa hapa siagi inakuwa mafuta kabla hujamaliza kuichapa na sukari. Naanza baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijapata nguvu. Mayai natia moja moja, nachapa katikati yake, unga naukunja mwisho kwa mkono mwepesi. Cheri zinafuata. Zile nane au kumi za mwisho nazipanga juu kabisa.

Sufuria naitandika karatasi mbili chini na kuiweka ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga mkavu, ili moto wa chini usiifikie moja kwa moja. Makaa ya chini machache, ya juu mengi zaidi, na katikati ya kupika nayapunguza ya juu kidogo. Kwangu huchukua kama dakika 50. Nachoma kwa uti mpya wa chelewa. Ukitoka mkavu, naipua, naiacha ipoe mumo humo dakika kumi kabla ya kuitoa.

Nirudi kwenye kopo lenyewe. Cheri ni nzuri, nyama yake haina ugumu, na kokwa sijakuta hata moja. Ninacholalamikia ni kifuniko: makopo mawili kati ya matatu yalivuja njiani na mfuko mzima ukanata. Mwambieni anayewatumia alitie kwenye chombo kingine. Halafu someni nyuma ya kopo, hasa sisi tunaoangalia kinachoingia tumboni. Haya yangu yameandikwa rangi E127, ambayo ni ya kutengenezwa kiwandani. Dada aliwahi kuona kopo la kampuni nyingine kwa bei nafuu, nikamwomba anipigie picha ya nyuma: lilikuwa E120, yaani karmini, rangi inayotolewa kwenye wadudu wadogo. Wanavyuoni wamehitilafiana juu yake na kila mtu ana anayemfuata, mimi niliiacha. Za kijani mnazoziona madukani ni cheri hizi hizi zilizotiwa rangi nyingine, hazina ladha ya pekee.

Keki ya tatu niliikata juzi alasiri. Cheri zilikuwa kila mahali, chini, kati na juu, na sehemu ya chini ilikuwa kahawia kama ile ya juu. Mavyaa alikula kipande na kahawa yake chungu, akakifunga cha pili kwenye karatasi ampelekee shoga yake Mkomani. Nimeshamwagiza dada makopo mawili zaidi.