Mlima Meru kwa siku nne, si tatu: tathmini ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha

Mlima Meru una urefu wa mita 4,566. Kwa kuwa jirani yake Kilimanjaro una mita 5,895, mawakala wengi huuza Meru kama mazoezi ya kupasha misuli, na wageni hufika lango la Momella wakiwa wamejiandaa kwa matembezi tu. Hesabu ndiyo inayowaumbua. Lango liko kwenye mita 1,500 hivi, kilele kiko mita 3,000 na ushee juu yake, na ratiba inakutaka uwe kileleni alfajiri ya siku ya tatu. Njia ya kupandia ni moja, ingawa kipande chake cha kwanza kina matawi mawili. Nafasi ya kuuzoesha mwili kimo ni moja pia, kilima cha pembeni ambacho wengi hukiruka kwa kuionea uvivu saa moja ya kukipanda.

Hata hivyo, anayetaka msitu, wanyama, kitanda cha kulalia na kilele cha kweli bila umati wa Kilimanjaro, kaskazini mwa Tanzania aanzie hapa. Tatizo si mlima. Tatizo ni ratiba ya siku tatu inayouzwa kwa sababu ni rahisi.

Kutoka Arusha mjini unashika barabara ya Moshi, ukifika Usa River unakata kushoto, na muda si mrefu uko lango la Ngongongare. Saa moja kwa gari inatosha kama foleni ya mjini haikukukamata. Ukishaingia, barabara inapita uwanda wanaouita Serengeti Ndogo, twiga na nyati wakiwa kandokando, kisha inapanda hadi Momella ambako wapandaji huandikishwa.

Malipo hayapokelewi kwa noti. Unapewa namba ya malipo, unalipia benki, kwa kadi au kwa simu. Mtandao ukisumbua saa tatu asubuhi, kundi zima linakaa langoni likitazamana, na kila dakika inayopotea pale inakufikisha kwenye kibanda cha kulala jioni zaidi. Namba iombwe na ilipwe siku moja kabla. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi na kiwango chake ni cha chini sana kuliko cha mgeni, ila lazima kitambulisho cha taifa au pasipoti iwe mkononi, si picha iliyoachwa kwenye simu ya ndugu. Bei ya mlima si kiingilio peke yake. Kuna malazi ya kibanda kwa kila usiku, ada ya uokoaji, ada ya askari na ya gari, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Wakala akikutajia bei nzuri kupita kiasi, muulize moja baada ya nyingine kama zote zimo. Begi nalo lipekue kabla ya safari: mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na vitu vyako vya ndani vinahitaji mfuko wa kitambaa au mfuko mzito usioingiza maji.

Askari mwenye bunduki ni lazima. Sababu ni nyati, hasa dume pekee aliyefukuzwa na kundi, anayelala kwenye kichaka kando ya njia na hapendi kushtukizwa. Simba hapa hakuna. Chui na fisi wapo, lakini anayekupangia mwendo ni nyati. Wapandaji wa siku hiyo mara nyingi huunganishwa chini ya askari mmoja, kwa hiyo mwendo wa kundi huamuliwa na aliye mzito kuliko wote. Kaa nyuma ya askari. Usitangulie kwenye kona, na usibaki nyuma peke yako ukipiga picha ya mbega, hata kama mkia wake mweupe unaning'inia juu ya kichwa chako.

Kutoka Momella hadi kibanda cha Miriakamba (mita 2,514) kuna njia mbili. Ya kaskazini ni fupi na kali, na hukatiza nyasi kabla ya kukwea moja kwa moja. Ya kusini ni ndefu, inafuata njia ya gari ndani ya msitu na huchukua saa nne hadi tano. Pandia ile ndefu, teremkia ile fupi. Kwenye ndefu mwili unapata muda wa kuzoea, tena ndiyo inayopita kwenye mtini maarufu. Mtini huo ulianza kwa kuukumbatia mti mwingine, ukaubana hadi ukafa, na sasa mizizi yake imesimama pande mbili za njia kama miimo ya mlango, gari likipita katikati. Ukisimama chini yake uguse upande wa ndani: pale mti wa kwanza ulipokuwa pamebaki mashimo na mikunjo ya gome, na unyevu hautoki humo hata kiangazi.

Vibanda ndivyo vinavyoipa hifadhi hii alama za juu. Miriakamba, na Saddle kilicho juu yake, ni nyumba za mbao zilizoinuliwa kutoka ardhini, zenye vyumba vya watu wanne, vitanda vya ngazi, magodoro, ukumbi wa kulia na taa za umeme wa jua. Shuka na blanketi hakuna. Begi la kulalia uje nalo, na kwa Saddle liwe la kuhimili baridi ya chini ya nyuzi sifuri, si lile jembamba la ufukweni. Taa ni za kuangazia tu, usizitegemee kuchaji simu. Beba betri ya akiba iliyojaa. Choo kiko jengo la pembeni. Usiku, kabla hujashuka ngazi, piga tochi kushoto na kulia na usubiri kidogo. Macho mawili yanayong'aa chini ya kimo cha bega lako huenda ni ya pongo. Yakiwa juu zaidi na hayahami, rudi ndani ukamwamshe mwongozaji.

Maji ndiyo sehemu ya kuangalia. Yanatoka kwenye vijito, na Saddle hupungua sana kiangazi kikikolea, kwa hiyo muulize mwongozaji Miriakamba asubuhi kama itabidi wapagazi wapande na maji. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Na huko chini, ukanda mzima wa Meru unajulikana kwa maji yenye floraidi nyingi. Meno ya kahawia utakayoyaona vijijini yametokana na hiyo. Maji ya maziwa ya Momella usiyaguse kwa kunywa hata kidogo.

Siku ya pili ni fupi kwenye ramani na ndefu miguuni: mita 1,056 kwenda juu hadi Saddle (mita 3,570), sehemu kubwa kwa ngazi za magogo. Ngazi hizi zimepangwa kwa hatua ya mtu mrefu, na mvua ikiosha udongo wa nyuma ya gogo, hatua inazidi kurefuka. Mwenye magoti mabovu apite ukingoni. Pumziko la katikati ni Topela Mbogo, na kuanzia Mgongo wa Tembo miti mikubwa inaanza kukuacha. Ukianza saa mbili asubuhi utakuwa Saddle kabla ya saa saba mchana.

Hapo ndipo makosa yanapoanza. Watu hula, huingia kwenye mabegi ya kulalia, hulala mchana kutwa. Amka. Meru Ndogo, mita 3,820, iko juu ya kibanda, kwenda ni saa moja au pungufu. Panda taratibu, kaa juu nusu saa, shuka, kisha ule. Mwili uliokwisha kuonjeshwa mita 3,800 mchana haushtuki sana ukizikuta tena usiku. Hiyo ndiyo dawa ya bure pekee iliyopo kwenye njia hii.

Usiku wa kilele unaamshwa saa saba, unaondoka saa nane. Hadi Rhino Point ni mwinuko wa kawaida wa saa moja na kitu. Baada ya hapo njia inashuka kidogo, jambo linalowaudhi watu, kisha inavuka mwamba mtupu ulioinama. Tumia mikono, fimbo zifungwe kwenye begi. Miezi ya Juni na Julai mwamba huo unaweza kuwa na barafu nyembamba isiyoonekana kwa tochi. Askari akisema subiri, subiri. Kisha unafuata ukingo mwembamba wa kasoko, yaani shimo la volkano, likiwa kushoto kwako na mteremko wa majivu kulia. Giza hukufichia kina chake. Cobra Point, mita 4,350, ni mahali pa kujikagua kwa uaminifu: kichwa kinagonga, umetapika, unayumba kama mlevi? Kugonga kichwa peke yake kunavumilika. Kutapika pamoja na kuyumba ni kushuka papo hapo, na mshukaji asiachwe peke yake. Kutoka Cobra Point ni saa nzima ya mawe na vilele vya uongo, kila kimoja ukidhani ndicho.

Jua likichomoza Kilimanjaro inakuwa mbele yako mashariki, na chini yako kuna kuta za kasoko na koni ya majivu iliyochongoka katikati yake. Mlima ulitoa moto mara ya mwisho mwaka 1910.

Vinavyoharibika usiku huo ni vile vile kila mara. Betri za tochi hufa kwa baridi, kwa hiyo za akiba ziwe mfuko wa ndani, karibu na ngozi. Mrija wa mfuko wa maji huganda. Beba chupa, igeuze mdomo chini, maana barafu huanzia juu. Jasho la saa ya kwanza ndilo linalokugandisha saa ya tano: ondoka kibandani ukiwa unasikia baridi kidogo, na koti zito livaliwe Rhino Point. Lita mbili za maji, glavu za aina mbili, ya ndani nyembamba na ya nje ya kuzuia upepo. Suruali ya jinzi iache Arusha, ikilowa haikauki.

Sasa hesabu ya kushuka. Ratiba ya siku nne inakutoa kileleni hadi Miriakamba, mita 2,052 za kuteremka siku moja, na hizo zinatosha kabisa kumtetemesha mtu mapaja. Ratiba ya siku tatu inakutaka uendelee hadi langoni, mita 3,000 na zaidi, baada ya kuamka saa saba usiku. Ni saa 12 na zaidi za kutembea, na saa za mwisho ni msituni, jioni, kwenye eneo la nyati, kundi likiwa limechoka na kutawanyika. Vifundo huteguka hapo. Fedha ya usiku mmoja wa ziada ni ndogo kuliko thamani ya goti.

Usiku huo wa ziada Miriakamba unakupa pia asubuhi ya nne yenye nguvu ya kuona sehemu nyingine za hifadhi, na hapo mlima unaeleweka. Zamani Meru ulikuwa mzima pande zote. Miaka ipatayo 7,800 iliyopita ubavu wa mashariki ulibomoka, ukamiminika hadi chini, ukiacha ukuta wa kasoko wenye kimo cha kama mita 1,500. Vilima vidogo unavyoviona kuzunguka maziwa ya Momella ni vipande vya mlima huo, na maziwa yenyewe yamekaa kwenye mabonde yaliyobaki kati yake. Ndiyo maana kila ziwa lina rangi yake: hulishwa zaidi na maji ya chini ya ardhi, na magadi hayalingani. Heroe wadogo hufuata yale yenye magadi.

Asiyepanda mlima naye ana siku nzima ya kutosha. Aanze na mtumbwi Momella Ndogo asubuhi, kabla upepo wa mchana haujachafua maji. Hulipiwa kivyake, boya la kujiokolea linavaliwa na kufungwa, na umbali wa kukaa na viboko ni uamuzi wa mwongozaji, si wako. Kisha matembezi na askari hadi maporomoko ya Tululusia. Ngurdoto iwe ya mwisho. Kuteremka ndani ya kasoko lake hakuruhusiwa, unatazama kutoka ukingoni, na kati ya vituo vyote nenda Leitong, mita 1,853, ukiwa na darubini. Bila darubini nyati wa chini ni nukta nyeusi tu.

Epuka Machi hadi Mei, masika huzifanya ngazi za magogo kuwa sabuni. Juni hadi Oktoba ni kukavu na baridi. Desemba hadi Februari kuna joto zaidi na anga safi alfajiri. Wapagazi wako wape begi lisilozidi kilo 15, laini, lisilo na magurudumu, na bahasha ya shukrani iandaliwe kwa noti kabla hujatoka mjini, kila mmoja yake, ukikabidhi mwenyewe langoni Momella.