Boston kwa siku moja na Mama: boti za batamaji, kaburi la Attucks na mechi ya Fenway Park

Mama alipotoka Tanga kuja kututembelea hapa Lowell, mji wa karibu na Boston, nilitafuta siku ambayo yeye na wanangu wawili, wa miaka 9 na 6, wangeifurahia pamoja. Tukachagua Jumosi moja ya Julai, Red Sox, timu ya besiboli ya Boston, wanacheza nyumbani saa kumi jioni.

Gari tuliliacha. Treni ya Lowell inakufikisha kituo cha North Station, Boston, kabla saa moja haijaisha, na watoto wa miaka 11 kushuka chini hawalipi wakiwa na mtu mzima.

Tulianzia bustani ya Public Garden kwenye boti za batamaji. Zipo tangu 1877 na hazina injini: dereva hukaa nyuma, ndani ya sanamu ya batamaji, anapiga pedeli kama za baiskeli. Ni robo saa ya utulivu.

Kisha tukaufuata mstari mwekundu wa Freedom Trail, njia ya kutembea inayopita maeneo ya kihistoria. Njia nzima ni kama kilomita 4, lakini kwa magoti ya Mama tuliishia Old State House, jengo la zamani la serikali, na hatukujuta. Njiani, makaburi ya Granary, amelala Crispus Attucks, mtu mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa Marekani, aliyeuawa kwa risasi za wanajeshi wa Uingereza mwaka 1770. Yumo eneo moja na Samuel Adams na Paul Revere. Mwanangu mkubwa alilisoma jina lake kwa sauti. Mbele ya Old State House kuna duara la mawe la kumbukumbu ya tukio hilo, na Mama alisimama pale muda mrefu kuliko sisi sote.

Halafu Fenway Park. Uwanja umefunguliwa 1912 na bado una nguzo za zamani zinazoziba macho, kwa hiyo unaponunua tiketi za Grandstand, viti vya chini ya paa, hakikisha hukai nyuma ya nguzo. Sisi tulikagua picha za viti kwanza, tukaona kila kitu, pamoja na Green Monster, ukuta wa kijani wenye urefu wa zaidi ya mita 11. Chini yake kuna ubao wa matokeo ambao namba zake hubadilishwa kwa mkono na watu waliomo ndani ya ukuta. Mwanangu mdogo hakubandua macho pale.

Nilihofia Mama angechoka, maana besiboli ina awamu 9 na haina saa ya kumaliza. Awamu ya tatu mkimbiaji akaguswa na mpira kabla hajafika kituoni, akatolewa. Mama akaruka: "Kumbe ni rede, mwanangu! Ukiguswa, nje!" Tangu hapo yeye ndiye aliyewaeleza wajukuu, huku akimenya karanga za maganda zinazouzwa hapo hapo jukwaani.

Tutarudi mwezi wa tisa. Bibi ameshaagiza viti vya karibu na ule ukuta.